Miwani ya Kukata Mng'ao Mbele ya Mawingu ya Radi: Tathmini Kutoka Kigoma

Miwani ninayoitathmini hapa ni ile ambayo wauzaji wa soko la Mwanga, mjini Kigoma, huiita miwani ya polaraizi, na ambayo wanunuzi wake wengi ni waendesha bodaboda na watu wa maboti wanaotaka kuuona uso wa ziwa bila kuumizwa macho na jua. Mimi niliinunua kwa kusudi jingine: kujua kama inaweza kumsaidia mtu anayetazama mawingu ya mvua ya radi yanavyojengeka juu ya Ziwa Tanganyika. Nimeitumia tangu mvua za kwanza za mwezi Oktoba hadi msimu ulipokatika mwezi Mei, na jibu langu ni kwamba inasaidia sana kuliko bei yake inavyoashiria, mradi mtumiaji ajue ni sehemu gani ya wingu inayopaswa kutazamwa. Huonyesha vizuri kilele na kingo za wingu. Kuhusu weusi wa kitako cha wingu haiongezi chochote, na kwa maoni yangu huo si upungufu wa kumfanya mtu aiache dukani, kwa sababu habari nzito za wingu la radi ziko juu, ilhali wengi wetu tumezoea kuogopa weusi ulio chini.

Fremu yake ni ya plastiki nyeusi, nyepesi, yenye bawaba za chuma ambazo mpaka sasa hazijalegea. Lenzi ni za kijivu. Na katika bei ya shilingi elfu ishirini na tano kuna kifuko cha kitambaa kinachofaa pia kufutia vumbi. Haina jina la kiwanda. Kwa bidhaa nyingine jambo hilo lingenitia shaka, lakini kwa miwani ya aina hii vipo vipimo ambavyo mnunuzi anaweza kuvifanya mwenyewe akiwa bado mbele ya muuzaji, nami nitavieleza.

La kuzingatia zaidi ni rangi ya lenzi. Dukani zilikuwapo pia za kahawia, za manjano na za kijani, na muuzaji alizisifu zile za kahawia kwa kuwa hufanya vitu vionekane vimejitenga. Ni kweli kwamba lenzi ya kahawia hupunguza mwanga wa buluu, na kwa kuwa utusitusi wa mbali umejaa buluu, mandhari huonekana safi zaidi. Hata hivyo anayetaka kuijua rangi halisi ya wingu hapaswi kuweka rangi nyingine mbele ya jicho lake. Kijivu hupunguza rangi zote kwa kiasi kinachokaribiana. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu baadhi ya mawingu ya radi kweli huonekana ya kijani. Rangi hiyo imepimwa kwa vyombo nchini Marekani: mwanga wa jua la jioni, ambao umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya buluu yake njiani, hupita katika maji na barafu ya wingu nene, ambayo nayo hupunguza wekundu, na kinachobaki huelekea kwenye kijani. Vipimo hivyo havikuthibitisha imani kwamba kijani ni dalili ya hakika ya mvua ya mawe. Mwenye lenzi ya kijani au ya manjano ataiona rangi hiyo hata pale isipokuwapo, kisha atawatia wenzake hofu isiyo na msingi.

Ili kueleza kwa nini kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya barabara na maji kinafaa kwa mawingu, ni lazima nieleze kidogo kinachotendeka ndani ya lenzi. Mwanga wa jua unapotufikia moja kwa moja, mitetemo yake imeelekea kila upande. Ukigonga maji, lami au kioo na kuruka, mitetemo ya ulalo huwa mingi kuliko ya wima. Lenzi ya polaraizi ni kama uzio wa fito zilizosimamishwa wima: ubao uliosimama hupenya katikati ya fito, na uliolala hukwama. Tabia hiyo ya mwanga ulioruka iligunduliwa na Étienne-Louis Malus jijini Paris mwaka 1808, alipotazama kupitia kipande cha fuwele mwanga wa machweo uliokuwa ukiruka kutoka kwenye madirisha ya Kasri la Luxembourg. Mwaka uliofuata François Arago akagundua kwamba hata mwanga wa anga la buluu una tabia hiyo hiyo. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya Edwin Land, huko Marekani, kuomba hataza mwaka 1929 kwa ajili ya utando mwembamba unaoweza kutengenezwa kwa wingi, na ni utando wa namna hiyo unaoiwezesha miwani hii kuuzwa leo kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu.

Ugunduzi wa Arago ndio unaotuhusu zaidi. Anga huonekana la buluu kwa sababu molekuli za hewa ni ndogo mno kuliko urefu wa wimbi la mwanga, na chembe ndogo kiasi hicho hutawanya buluu kwa nguvu kuliko nyekundu, kama Lord Rayleigh alivyoonyesha kwa hesabu mwaka 1871. Mwanga unaotawanywa hivyo kwa pembe ya nyuzi 90 kutoka kwenye jua huwa umetetema kwa mwelekeo mmoja kwa kiasi kikubwa. Matone ya wingu ni jambo tofauti kabisa. Tone la kawaida lina nusu kipenyo cha takriban mikromita 10, yaani ni kubwa mara nyingi kuliko wimbi la mwanga, na matone ya ukubwa huo hutawanya rangi zote karibu sawasawa, jambo ambalo Gustav Mie alilitolea hesabu zake mwaka 1908. Ndiyo maana wingu ni jeupe. Zaidi ya hayo, mwanga unaotoka katika wingu nene umerushwa kutoka tone hadi tone mara nyingi, hata mwelekeo wa mitetemo yake ukavurugika wote. Kwa hiyo lenzi hupunguza mwanga wa wingu kwa kiasi fulani, lakini hupunguza zaidi ule wa anga lililo nyuma yake, na matokeo yake ni wingu jeupe lililosimama mbele ya anga la buluu iliyokolea, likiwa na kingo ambazo jicho tupu haliwezi kuzifuata vizuri katika mwanga mkali wa mchana.

Hapa ndipo Kigoma inapokuwa na bahati yake. Mji wetu uko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 ilhali sisi tuko karibu na nyuzi 30. Kwa hiyo jua hufika juu kabisa yapata saa saba mchana. Mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi jua hilo hupita wima juu ya vichwa vyetu. Saa hiyo, anga lote lililo karibu na upeo wa macho, kwa pande zote, liko kwenye pembe inayokaribia nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na mitetemo ya mwanga wake ni ya ulalo, ambayo ndiyo hasa lenzi inaizuia. Mtu aliyesimama kwenye vilima vya mji wakati huo, akiangalia magharibi ng'ambo ya ziwa kuelekea milima ya Kongo, huona kila mnara wa wingu unaochipuka juu ya milima ile umejitenga na mwingine. Bila miwani, minara hiyo huungana na kuwa utando mmoja mweupe usio na umbo. Sijui chombo kingine cha bei hii kinachoweza kufanya kazi hiyo.

Saa nyingine za siku zina masharti. Asubuhi, jua likiwa nyuma yetu upande wa mashariki, na jioni, likiwa mbele yetu juu ya ziwa, anga la magharibi haliko kwenye pembe inayofaa, na miwani hugeuka kuwa kivuli cha kawaida cha macho. Jioni upande unaofaa ni kaskazini, kuelekea Gombe, au kusini, kupita Ujiji. Lakini hapo mitetemo ya mwanga wa anga imesimama wima, kwa hiyo miwani ikivaliwa kama kawaida huipitisha yote na haionyeshi faida yoyote. Dawa yake ni kuivua, kuishika mbele ya jicho na kuizungusha robo mzunguko. Buluu itaingia giza papo hapo na wingu litajitokeza. Maelezo haya hayamo kwenye kifuko wala hayakutolewa na muuzaji, na naamini wapo watu wengi wanaoihukumu miwani yao kuwa bandia kwa sababu tu wameijaribu katika saa na upande usiofaa.

Sasa niingie katika kile kinachoonekana. Kitako cha wingu la radi huwa bapa, na ubapa huo hauhitaji miwani. Hewa yenye unyevu inapopanda hupoa kwa karibu nyuzijoto 10 kila kilomita, na hufika kimo ambacho mvuke wake huanza kugeuka matone. Kwa kuwa hewa yote ya eneo moja ina joto na unyevu unaolingana, kimo hicho huwa kimoja kwa wingu zima. Kinaweza kukadiriwa kwa kuzidisha mita 125 na tofauti kati ya joto la hewa na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kugeuka matone. Mchana wenye nyuzijoto 29 na kiwango cha umande cha 21, kitako kitakuwa karibu mita 1,000 juu ya uso wa ziwa, ambao wenyewe uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana katika msimu wa mvua vilele virefu vya upande wa Kongo huwa vimemezwa na wingu ilhali miteremko yake inaonekana vizuri.

Weusi wa kitako unastahili maneno zaidi, kwa sababu ndio unaopotosha watu. Matone ya wingu jeusi hayana rangi tofauti na ya wingu jeupe, wala maji yake si machafu. Wingu nene linaweza kurudisha juu zaidi ya asilimia 80 ya mwanga linaoupokea, na kidogo kinachosalia ndicho kinachofika chini. Katika wingu lenye gramu moja ya maji kwa kila mita ya ujazo, na matone ya ukubwa nilioutaja, mwanga husafiri wastani wa mita 7 tu kabla ya kukutana na tone linalougeuza njia; basi tufikirie wingu lenye kina cha kilomita 12. Kwa hiyo weusi unatuambia kwamba wingu ni nene kati yetu na jua. Hautuambii kwamba linakua, wala kwamba limekwisha kukomaa, wala kwamba linakuja.

Mahali jua lilipo hubadili hukumu yote. Mvua za radi zinazojengeka ziwani usiku zinaweza kuendelea hadi kunapokucha, na asubuhi mtu wa Kigoma huziangalia huku jua likiwa mgongoni mwake. Upande wa wingu unaomwelekea umeangazwa, nao huonekana mweupe kuanzia kileleni hadi karibu na maji. Wingu la nguvu hiyo hiyo likisimama mahali pale pale saa kumi na moja jioni, jua likiwa nyuma yake, litaonyesha upande wake wa kivuli na litaonekana jeusi la kutisha. Nimewasikia watu wakisema asubuhi kwamba wingu lile ni jeupe na halina neno, na kauli hiyo inanisikitisha, kwa kuwa wapo wanaopanda boti kwenda vijiji vya mwambao wakiitegemea.

Tena, mvua ikishaanza kushuka, sehemu inayonyesha mara nyingi hupungua weusi na kuwa ya kijivu, hata ikaonekana kama wingu limelegea. Sababu yake ni ukubwa wa matone. Tone la mvua lenye nusu kipenyo cha milimita moja limekusanya maji ya matone milioni moja ya wingu, lakini eneo linaloukinga mwanga limepungua mara 100. Gramu ile ile moja ya maji katika mita ya ujazo, ikiwa katika matone makubwa hivyo, huuachia mwanga usafiri mamia ya mita bila kuguswa. Kwa hiyo sehemu ya kijivu iliyo katikati ya weusi inaweza kuwa ndiyo yenye mvua kali kuliko zote, na lenzi, iwe nzuri namna gani, haiwezi kulitenga jambo hili, kwa sababu mwanga wa chini ya wingu hauna mwelekeo maalumu wa mitetemo.

Kilele ndicho kinachosomeka, na hapo miwani inalipa gharama yake. Wingu linalokua lina vinundu vyenye kingo kali, kana kwamba vimechongwa, kwa sababu limejengwa kwa matone ya maji, na tone linalotoka nje ya wingu hukauka upesi katika hewa kavu, hata pasibaki kitu cha katikati kati ya wingu na anga. Kila kilo moja ya mvuke inayogeuka maji huachia takriban jouli milioni 2.5 za joto, na joto hilo ndilo linaloisukuma hewa iendelee kupanda. Katika nchi za tropiki barafu huweza kuanza kuanzia kimo cha karibu kilomita 5, ingawa matone mengi huendelea kuwa maji hata chini ya nyuzijoto 0, na huweza kuvumilia hadi karibu nyuzijoto 40 chini ya sifuri. Yanapoganda, sura ya wingu hubadilika. Fuwele za barafu hukauka polepole kuliko matone, kwa hiyo husafiri mbali na wingu kabla ya kutoweka, na kingo zilizokuwa kali hulainika na kuwa nyuzi nyuzi.

Badiliko hilo ni jambo kubwa sana kwa anayejali radi. Chaji za umeme hutenganishwa hasa pale vipande laini vya barafu vinapogongana na fuwele ndogo mahali penye matone yaliyopoa bila kuganda, katika tabaka lenye joto la takriban nyuzijoto 10 hadi 20 chini ya sifuri. Kilele kilichoanza kuwa na nyuzi nyuzi kinatangaza kwamba wingu limekwisha kulipita tabaka hilo, na kwamba radi iko karibu kama haijaanza tayari. Kwa jicho tupu, saa saba au saa nane mchana, kulikuta badiliko hilo mapema ni vigumu, kwa sababu weupe wa kilele na weupe wa anga la jirani hushindana. Kwa miwani hii nimeliona kwa uwazi mara nyingi, hata kwa mawingu yaliyokuwa ng'ambo kabisa ya ziwa. Kwa msingi huo mmoja ningeinunua tena.

Wingu linaloendelea kukua hatimaye hugota kwenye mpaka wa juu wa tabaka la hewa tunamoishi, ambao katika tropiki uko kwenye kimo cha kilomita 16 hivi. Juu ya hapo hewa haiendelei kupoa kadiri mtu anavyopanda, kwa hiyo hewa ya wingu hukosa wepesi wa kuendelea na hutandaa pembeni. Wakati mwingine kinundu kimoja hupenya kidogo juu ya mtandao huo kwa msukumo wake, na kikionekana kimedumu au kinarudiarudia, ni alama ya mkondo wenye nguvu chini yake. Chini ya mtandao huo huweza kuning'inia mifuko laini ya duara, ambayo hupendeza sana jua likiwa chini. Watu huiogopa mifuko hiyo kuliko inavyostahili, maana si chanzo cha upepo wala cha mvua inayoanguka chini. Inaonyesha tu kwamba wingu kubwa la radi liko au lilikuwako karibu.

Kimo hicho kinaeleza pia umbali tunaoweza kuona kutoka hapa. Kilele cha kilomita 15 kinaweza, katika hewa safi, kuchungulia juu ya upeo wa macho kutoka zaidi ya kilomita 400. Vilele tunavyoviona jioni vikiwa bado vimeangazwa baada ya jua kuzama vinaweza kuwa ndani sana ya Kongo, na mimweko isiyo na ngurumo inayofuata usiku hutoka huko. Kaskazini magharibi mwetu, katika Kivu Kusini, eneo la Kabare limehesabiwa kwa kipimo cha TRMM, setilaiti iliyopima mvua za tropiki, kuwa na zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, likizidiwa duniani na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Kwa mpenzi wa mawingu, ni vigumu kupata mahali pazuri kuliko mwambao huu.

Kuhusu kazi ambayo miwani iliuzwa kwa ajili yake, yaani kukata mng'ao wa maji, inaifanya vizuri, na hata hapa kuna faida kwa anayefuatilia dhoruba. Mng'ao wa maji huwa na mitetemo ya ulalo karibu yote pale jua linapokuwa nyuzi 37 juu ya upeo, ambapo kwa Kigoma, miezi ya Oktoba na Machi, ni yapata saa kumi na nusu alasiri. Wakati huo ziwa lote la magharibi huwa bati moja la mwanga lisilotazamika, na ukivaa miwani unaona maji. Hewa baridi inayoporomoka pamoja na mvua hutandaa juu ya ziwa mbele ya wingu, na mahali inapofikia hukoroga uso wa maji, ukaonekana mstari mweusi unaosogea. Mstari huo hutangulia upepo wa ghafla. Kwa nahodha wa boti dogo dakika chache za kujua mapema zina thamani kubwa, ingawa hazichukui nafasi ya utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wala ya kanuni ya kuhesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, sekunde tatu kwa kila kilomita, na kukaa nchi kavu mara ngurumo inaposikika.

Kuna jambo moja linaloweza kumshangaza mtumiaji. Upinde wa mvua nao una mwanga wenye mwelekeo mmoja, unaofuata mzingo wa upinde wenyewe. Jioni, upinde unaposimama mashariki juu ya vilima, mvaaji ataona miguu yake miwili imekolea rangi na sehemu ya juu imetoweka. Hakuna hitilafu katika lenzi. Kinyume chake, ni uthibitisho kwamba ni ya kweli.

Upungufu upo. Kuanzia Juni hadi Septemba, moshi wa mioto ya nyika na vumbi huvuruga mitetemo ya mwanga wa anga kabla haujatufikia, na tofauti kati ya kuvaa na kutovaa huwa ndogo sana. Kwa bahati huo ndio msimu usio na mawingu ya radi. Jua likishazama miwani haina kazi tena na ivuliwe, kwa sababu hupunguza mwanga ambao jicho linauhitaji. Vioo vya baadhi ya simu huwa vyeusi kabisa vikishikwa kwa pembe fulani, jambo linaloweza kumkosesha mtu kusoma ujumbe au ramani akiwa ndani ya boti. Pembeni mwa lenzi mwanga huingia kwa wingi, kwani fremu haikupinda vya kutosha, na kwa mwenye uso mwembamba miwani huteleza kila anapoinua kichwa kutazama juu. Kasoro hii ya mwisho niliitibu kwa kamba ya kufunga nyuma ya shingo, lakini mtengenezaji angeweza kuiondoa kwa gharama ndogo.

Vipimo vya dukani ni hivi. Chukua kikokotoo cha kawaida, ambacho kila muuzaji anacho, kiwashe, kisha zungusha miwani mbele ya namba zake. Lenzi ya kweli itafanya kioo cha kikokotoo kiwe cheusi kwenye pembe moja na kiwe cheupe ukiizungusha robo mzunguko. Angalia kama lenzi zote mbili zinaingia giza kwenye pembe moja, kwa sababu katika miwani ya bei nafuu utando hubandikwa wakati mwingine ukiwa umepinda upande mmoja, na jicho huchoka bila mvaaji kujua sababu. Kati ya nilizojaribu katika duka nililonunua, chache zilishindwa kipimo hiki cha pili, na muuzaji alizitenga bila ubishi. Ukataji wa mng'ao na uzuiaji wa miali ya urujuanimno ni mambo mawili tofauti, kwa hiyo ulizia pia alama ya UV400, na kwa hali yoyote usiielekeze miwani hii kwenye jua lenyewe. Lenzi za kijivu huisha mapema Oktoba inapokaribia, na bei hupanda kidogo. Anayeitaka kwa ajili ya mawingu ainunue mwezi Agosti.